Anayegawa ndiye anayeonekana

Kwenye mitandao ya kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta, mkarimu ndiye aliye wazi kuliko wote. Anayechukua faili akaenda zake anaonekana kwa dakika chache tu. Anayebaki usiku kucha akiwagawia wengine, anwani yake ya intaneti inakaa palepale wiki nzima, mwezi mzima, na yeyote anayetaka kuinakili anainakili. Naandika haya kwa sababu maelezo mengi ya Kiswahili ninayokutana nayo kuhusu usiri wa mtandaoni yanaishia kwenye "weka VPN", yaani programu ya kupitisha intaneti yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, halafu basi. Jambo lenyewe linakwenda mbali zaidi ya hapo, na linawagusa watu ninaowajua.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Natoa kopi, naprinti, naskani, natengeneza kompyuta na kupiga Windows. Kazi hii inakuonyesha mengi: majibu ya vipimo, talaka, wosia, barua ya mtu anayeomba asifukuzwe kazi. Mteja anakupa flashi uprinti ukurasa mmoja, na humo ndani mna maisha yake yote. Mama yangu alikuwa mpiga chapa enzi za mashine, na alinifunza kwamba barua ya mtu ukishaitoa kwenye mashine imekutoka na kichwani. Hata ukikutana na mwenyewe njiani humuulizi yaliishaje. Naamini hivyo mpaka leo. Mtu ana haki ya kutafuta maarifa, kuyapata na kuyagawa bila kumpa mtu maelezo. Katiba yetu yenyewe, ibara ya 16, inataja hifadhi ya mawasiliano binafsi ya mtu.

Kompyuta moja ya dukani huwa siizimi usiku. Bando likishakuwa la bei nafuu, inagawa mafaili ya Debian na Ubuntu, mifumo ya kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na vifurushi vya Wikipedia vinavyotengenezwa na Kiwix kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Vyote hivyo ni vya bure na ni halali kugawa, na vyote hupatikana kwa torenti. Mfumo wa BitTorrent ulianzishwa na Bram Cohen mwaka 2001, mwaka uleule ambao Napster, mtandao wa kugawana muziki, ilifungwa. Napster ilikuwa na orodha ya mafaili yote kwenye seva zake, kwa hiyo mahakama ya Marekani ilipozibana seva hizo, mtandao mzima ulikufa. BitTorrent inalikata faili vipande vipande, na kila aliyepata kipande anamgawia mwenzake. Anayewakutanisha ni treka, yaani seva ndogo inayotoa orodha ya walio na vipande, au DHT, orodha iliyotawanywa kwa washiriki wenyewe isiyo na mwenye nayo.

Sasa angalia kitu kimoja kwa karibu. Fungua programu yako ya torenti, bonyeza faili lolote linalotembea, nenda kwenye orodha ya washiriki. Utaona safu za anwani za IP, yaani namba ambazo miunganisho ya intaneti hutambulikana nazo. Pembeni ya kila anwani kuna kibendera cha nchi, jina la programu anayotumia mhusika na toleo lake, asilimia aliyofikia, na kasi anayopokea au kutoa. Usiku mmoja unaweza kumwona wa Brazil yuko nusu ya safari, wa Ujerumani kamaliza anagawa, wa Kenya kaingia sasa hivi. Hakuna aliyevunja kufuli kuyapata hayo. Mfumo umejengwa hivyo, maana vipande haviwezi kufika kwako bila mtu kujua avipeleke wapi. Na wao wanakuona vilevile. Huhitaji hata kupakua faili. Unaweza kuingia kwenye orodha kwa lengo la kunakili anwani tu, na zipo kampuni ambazo hiyo ndiyo kazi yao, zinalipwa na wenye hakimiliki.

Kwa Debian, hewala, waniandike wanavyotaka. Lakini libadilishe faili lile. Liwe kijitabu cha mtu aliyepimwa jana akaambiwa ana VVU. Liwe mwongozo wa mwanamke anayepigwa nyumbani. Liwe gazeti lililopigwa marufuku katika nchi fulani. Orodha ni ileile, na kibendera kilekile kiko pembeni. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba sadaka njema ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini. Torenti inakulazimisha utoe huku jina lako limebandikwa mlangoni.

Vijana wanaokuja dukani huniambia, "Lakini dada, sisi tunatumia bando la simu, IP inabadilika kila saa." Kuna ukweli humo. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo mgeni aliye Ulaya akiiona anwani hiyo hajui ni nani kati ya mamia. Kampuni yenyewe ikiamua kutunza kumbukumbu, inajua, kwa kulinganisha saa na namba ya poti, yaani namba ya mlango ambao mawasiliano yako yamepitia. Na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo jiulize kwanza unajificha kwa nani: kwa mgeni, kwa kampuni ya simu, kwa mwajiri, au kwa mume aliye chumba cha pili? Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimtibu mwingine. Swali hili nalirudia kwa kila mteja, na wengi huwa hawajawahi kujiuliza.

Kuna kisanduku kwenye programu nyingi za torenti kinachosema usimbaji fiche, yaani kuyageuza mawasiliano yasisomeke. Watu wanakiwekea tiki wakapumua. Kisanduku kile kinaficha mwonekano wa mawasiliano ili kampuni ya intaneti isiyatambue haraka na kuyapunguzia kasi. Hakimzuii mshiriki mwenzako kukuona, maana unayempelekea kipande lazima akujue ulipo. Sipendi namna kinavyoandikwa bila maelezo.

VPN nayo inahamisha imani. Anwani inayoonekana kwenye orodha inakuwa ya kampuni ya VPN, na kampuni hiyo sasa ndiyo inayojua wewe ni nani na unakwenda wapi. Ikitunza kumbukumbu, ikadukuliwa au ikabanwa, umerudi ulipoanzia. Zile za bure kabisa sizipendekezi kwa mtu. Na kwa hapa nyumbani kumbuka kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza wanaotumia VPN waorodheshe matumizi yao, ikitaja kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020. Soma kanuni hizo kabla ya kufuata ushauri wa mtu, na ushauri wangu ukiwemo.

Halafu inakuja Tor, na hapa ndipo watu wengi huumia. Tor, mtandao wa kuficha nani anawasiliana na nani, ni kitu kizuri sana. Mawasiliano yako yanapitia nodi tatu, yaani kompyuta za kupitishia, kila moja ikivua tabaka moja la usimbaji, kwa hiyo ya kwanza inakujua wewe lakini haijui uendako, na ya mwisho inajua uendako lakini haikujui. Wazo la kupitisha ujumbe kupitia wapatanishi kadhaa David Chaum aliliandika mwaka 1981, na mfumo wenyewe ulianzia kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani. Lakini watengenezaji wa Tor walionya tangu 2010 kwamba torenti isipitishwe humo, na sababu zao zina uzito. Tor inabeba TCP pekee, utaratibu wa kutuma data unaohakikisha kila kitu kimefika. Torenti inapenda UDP, utaratibu mwepesi usiohakikisha, na programu nyingi zikikosa njia ya UDP kwenye proksi, yaani mpatanishi wa kupitishia mawasiliano, zinatoka nje moja kwa moja, na wewe hujui. Programu nyingine inamwandikia treka anwani yako halisi ndani ya ujumbe wenyewe. Bahasha umeificha, jina umeliandika ndani. Na kwa kuwa Tor hupitisha mambo yako kadhaa kwenye njia moja, torenti iliyokutaja inaweza kuyataja na mengine uliyokuwa ukiyasoma kwenye brauza wakati huohuo. Watafiti wa INRIA, Ufaransa, walilionyesha hilo kwa vitendo mwaka 2011: walisimamia nodi sita za kutokea, yaani zile za mwisho, kwa siku 23 wakapata anwani za watumiaji wa Tor zipatazo 10,000. Na hata usipokamatwa na lolote kati ya hayo, unalemea nodi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, na mwandishi wa habari au mgonjwa anayezihitaji anasubiri.

Mitandao iliyojengwa kwa ajili ya kazi hii ipo, ila haitajwi mara kwa mara. I2P ilianza 2003. Humo mshiriki hatambulikani kwa anwani ya IP, anatambulikana kwa ufunguo. Kila mmoja anajenga njia zake za kutoa na njia zake za kupokea, mbali mbali, kupitia kompyuta za washiriki wengine, na kila baada ya dakika 10 njia hizo zinabomolewa na kujengwa upya. Ina programu yake ya torenti ndani, I2PSnark, na mafaili yanazunguka humohumo bila kutoka nje. Jirani, yaani mwenye kompyuta iliyounganishwa na yako humo, anaweza kujua kwamba kompyuta yako inashiriki I2P. Faili gani unagawa, hajui. Gharama yake ni kasi. Faili la saa moja linaweza kuchukua usiku mzima, na mwenye bando dogo ataiona taabu hiyo.

Freenet aliianzisha Ian Clarke alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Edinburgh, na ikatoka mwaka 2000. Siku hizi inaitwa Hyphanet. Wazo lake nalipenda mno. Unatoa sehemu ya diski yako kwa mtandao, vipande vya watu vinakaa humo vikiwa vimesimbwa, na wewe mwenyewe hujui umetunza nini. Aliyeweka faili anaweza kuzima kompyuta yake akalala. Faili linabaki kwa wengine. Kwa mtu mkarimu hilo ni jambo kubwa, maana si lazima aendelee kusimama mlangoni ili kitu chake kiishi. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walionyesha kwamba jirani anayehesabu maombi yanayopita kwake anaweza kukisia, kwa uwezekano mkubwa wa kupatia, ni nani aliyeyaanzisha. Kwa anayeogopa hilo kuna njia ya kuunganishwa na watu unaowajua pekee, kama RetroShare inavyofanya: rafiki anakuona, rafiki wa rafiki hakuoni. Njia hiyo ina nguvu sana, ila inataka marafiki wa kweli, na wenye kompyuta.

Nieleze sasa kwa nini nimeyasoma yote haya kwa bidii. Kuna kikundi cha kina mama wanaoishi na VVU. Kiongozi wao, bibi mmoja mwenye sauti ya taratibu, alikuja dukani jioni, akasubiri wateja wapungue.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe wajua mambo ya kutuma vitu watu wasijue vimetoka wapi."

Walikuwa wamejirekodi kwenye simu. Kila mmoja anasimulia alivyomwambia mumewe, au alivyoshindwa kumwambia, alivyoanza dawa za kufubaza, anavyozificha safarini. Walitaka sauti zile ziwafikie kina mama wa Pangani, Muheza na Lushoto, ziendelee mbele kwa mkono wa yeyote, bila mtu kujua zimetoka kwao. Mimi tayari nilikuwa naiwaza njia: I2P au OnionShare, programu ya kutumiana mafaili kupitia Tor, ipi itawafaa wenye simu? Nikaomba kwanza nisikilize faili moja.

Sekunde za mwanzo kimya. Kisha mwanamke anaanza kusema, na nyuma yake muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake, anakaribia, anasimama, anaendelea. Halafu mlango, na mtu anamwita mtoto kwa jina, mara mbili, na msimuliaji anasita kidogo kabla ya kuendelea. Bibi alininyooshea mkono nisimamishe. "Huyu mtaa mzima utamjua," akasema. "Na mwanawe kashatajwa."

Nilimwonyesha na mengine. Faili lenyewe lilikuwa na tarehe na saa ya kurekodiwa, na aina ya simu. Kulikuwa na picha ya mikono yao wameshikana, nzuri kweli, walitaka iwe jalada. Nikafungua maelezo ya ndani ya picha: nyuzi 5 na sehemu zake kusini, 39 na sehemu zake mashariki. Nikaziingiza kwenye ramani, alama ikatua juu ya paa la nyumba, Makorora. Bibi akalitambua paa. Programu ya ExifTool inafuta hayo kwa amri moja, na nilifuta mbele yake. Lakini muuza kahawa hafutiki kwa amri, wala lafudhi. Mtu wa Tanga akimsikia Mdigo au Mbondei akiongea haulizi mara mbili.

Kuna na hili la hashi, ambalo wengi hawalitambui. Kila faili lina alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, na mafaili mawili yanayofanana kabisa yana alama moja. Ukituma faili kwenye kundi lako la WhatsApp kama hati, kisha ukaliweka lilelile kwenye mtandao wa siri, mwenye nakala zote mbili anaweza kuthibitisha kwamba ni kitu kimoja, na wa kwanza kulituma kwenye kundi alikuwa nani. Kwa hiyo faili la kugawa kwa siri litengenezwe upya, na nakala yake isipite kwenye njia yenye jina lako hata mara moja.

Tulikubaliana hivi. Sauti za wenyewe zisitoke. Masimulizi yakaandikwa, majina ya watu na kazi za waume yakaondolewa, visa vya watu wawili watatu vikachanganywa panapowezekana, na binti mmoja asiyeishi mkoa huu akayasoma upya chumbani kwa utulivu. Baadhi ya kina mama walisikitika, na nawaelewa. Sauti yako mwenyewe ina ukweli ambao msomaji hawezi kuuiga. Lakini aliyekuwa na uamuzi ni yule ambaye mtoto wake ametajwa, na yeye alichagua hivyo.

Kwa kupeleka, tulitumia OnionShare, ambayo Micah Lee aliianzisha mwaka 2014. Kompyuta yako inakuwa seva ya muda ndani ya Tor, inakupa anwani ndefu ya onion, mpokeaji anaifungua kwa Tor Browser, ambayo ipo pia kwa Android. Hakuna nodi ya kutokea, hakuna kampuni ya kuhifadhi, na mpokeaji haoni IP yako. Hapa Tor inatumika kwa kazi iliyokusudiwa, tofauti na kuipakia torenti. Sharti ni kwamba kompyuta iwe imewashwa mpaka mwenzako amalize, na anwani umpe kwa njia salama, maana ukimwandikia kwa meseji ya kawaida, meseji hiyo ndiyo itakayosema ni nani alimpa nani. Kwa Pangani tulitumia memori kadi, ndani ya mkoba wa mtu anayeaminika, kwenye gari la abiria. Haina IP. Nawaheshimu sana watu wanaodharau njia za kompyuta na kuchagua hiyo.

Najua pia swali linalokuja: na wahalifu je? Wapo. Mitandao hii inabeba pia mambo machafu, yakiwemo ya kuumiza watoto, na sina huruma hata chembe na wanaoyafanya. Polisi wa nchi mbalimbali wamewakamata watu wa namna hiyo humohumo, kwa kujipenyeza, kwa makosa ya wahalifu wenyewe, kwa hesabu kama zile za Massachusetts. Kazi hiyo iendelee. Ninachokataa ni kumvua nguo kila mtu ili mmoja apatikane. Tulishuhudia Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala ya mtandaoni, alipokamatwa katika sakata la kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Wakati ule nilikuwa mmoja wa maelfu waliowahi kuandika pale bila jina, na niliona wazi kwamba kutojulikana kwangu kulikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyekubali kuteseka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ni hatua nzuri. Lakini ikiwa taarifa haikukusanywa tangu mwanzo, hakuna wa kubanwa aitoe.

Kina mama wale wanaandaa masimulizi mengine, na mara hii wanarekodi dukani kwangu baada ya kufunga, madirisha yakiwa yamefungwa, simu zikiwa zimeachwa nyumbani. Ile kompyuta isiyozimwa usiku sasa ina I2P pia, ikipitishia watu mawasiliano nisiyoyajua, kwa kiwango nilichokipima kisimalize bando. Mtandao kama huo wenye watu kumi hauwafichi, hata programu iwe bora namna gani. Unahitaji wengi wenye mambo ya kawaida ili mwenye jambo zito asionekane kati yao. Kama una kompyuta ya ziada na intaneti isiyo ya kupima kwa kijiko, iweke, na uiache iwake kwa saa nyingi mfululizo, maana nodi inayofunguliwa dakika 10 na kufungwa haiwahi hata kutumika. Ukikwama kwenye kuiweka, pita dukani jioni.